Kabla ya Msimbo: Mafunzo Niliyopata Kliniki ya Ngozi

Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya katika hospitali ya mkoa. Sikusomea magonjwa ya ngozi. Faili likitoka kwa daktari nalisoma, naupa ugonjwa msimbo kutoka ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuainisha magonjwa, kisha kila kitu kinakwenda kwake: hesabu zinaingia MTUHA, mfumo wa takwimu za afya, na fomu ya madai inakwenda bima. Miaka ya mwanzo nilikuwa wodi ya wazazi. Huko mambo hunyooka, maana mama ama amejifungua kwa upasuaji au kwa njia ya kawaida, na hakuna daktari anayesahau kuandika hilo. Nilipohamishiwa kliniki ya ngozi ndipo nilipojua kwamba ugonjwa unaoonekana kwa macho ya kila mtu unaweza kuwa mgumu kuliko yote kuuandika. Mengi ya haya nimefundishwa na matabibu waliosomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Watu wale wana subira ya ajabu kwa maswali ya mtu wa rekodi.

1. Msimbo haujui zaidi ya maelezo

Sura ya 12 ya ICD-10 ni ya ngozi, na misimbo yake huanza na herufi L. Kuanzia L20 hadi L30 ni ukoo mzima wa ukurutu. Pumu ya ngozi ni L20. Ule wa kichwani na pembeni mwa pua, wenye magamba ya mafuta, ni L21. Wa nepi, L22. Ukiletwa na mzio wa kitu kilichogusa ngozi ni L23. Kitu kikiwa kimeichubua ngozi tu bila mzio, L24. Ukitokana na dawa au chakula kilichomezwa, L27. Mwisho kabisa ipo L30.9, yaani ukurutu ambao hakuna aliyesema ni wa aina gani.

Daktari akiandika "ukurutu, apewe dawa ya kupaka", mimi sina pa kwenda ila L30.9. Siruhusiwi kukisia, hata kama nimemwona mtoto kwenye benchi na nina hakika ya ninachokiona. Lakini akiandika kwamba mtoto ana miaka minne, anawashwa tangu uchangani, ngozi imekuwa ngumu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mama yake ana pumu ya kifua, hapo L20 imejileta yenyewe. Maneno yaliyoongezeka hayazidi mistari miwili. Na faida yake haiishii kwangu. Tabibu atakayempokea mtoto huyo mwezi ujao atajua anashughulika na ugonjwa wa kwenda na kurudi, unaohitaji mafuta ya kulainisha ngozi kila siku hata inapoonekana imepona, badala ya kuanza upya kana kwamba vipele vimetokea jana.

2. L30.9 si dhambi

Kuna kipindi fomu zetu zenye misimbo ya jumla zilianza kurudi kutoka bima, nyingine zimekatwa malipo. Habari zikaenea vyumba vya madaktari kwamba "bima hawaitaki L30.9". Haukupita muda, kila aliyejikuna akawa na pumu ya ngozi. Mzee aliyeanza kuwashwa uzeeni, pumu ya ngozi. Mama mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni, pumu ya ngozi. Fomu zikalipwa, na takwimu za robo ile zikasimulia mlipuko wa ugonjwa ambao haukuwepo.

Mwongozo wa ICD-10 wenyewe ni muungwana zaidi ya wakaguzi wa madai. Unasema mgonjwa akiondoka bila ugonjwa wake kujulikana, andika kile unachokijua kwa hakika, hata kiwe dalili tu, kuliko kuandika jina la ugonjwa na kulizungushia "inadhaniwa" na "huenda". Kwa vipele visivyojulikana ipo R21, kwenye sura ya dalili. Mtu akija mara ya kwanza, vipele vya siku mbili, hakuna historia, R21 ni jibu la kiungwana. Akija mara ya nne na bado ni R21, hapo tuna neno la kuulizana.

Nilimweleza hivyo tabibu mmoja kijana. Akanijibu, "Dada, wewe hukatwi mshahara fomu ikirudi." Kweli. Lakini hata yeye hakatwi. Hospitali ndiyo inayokatwa, na rufaa ya madai yenye maelezo kamili huwa na nguvu kuliko msimbo mzuri usio na kitu nyuma yake. Mkaguzi akiomba nakala ya faili, L20 isiyo na mstari hata mmoja wa ushahidi ni mbaya kuliko L30.9.

3. Andika rangi unayoiona, usiandike ya kitabuni

Hili ndilo somo lililonishangaza kuliko yote. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa na watu waliokuwa wakiangalia ngozi nyeupe, na huko ngozi iliyovimba huwa nyekundu. Nimesoma mafaili chungu nzima yanayosema "mabaka mekundu" kuhusu wagonjwa weusi ti. Nimesoma pia yanayosema "hakuna wekundu" na hivyo kuhitimisha kwamba ugonjwa ni mdogo, ilhali mgonjwa hajalala usingizi wiki nzima kwa kujikuna.

Kwenye ngozi zetu uvimbe huo hutokea kama zambarau, kijivu, au weusi uliokolea kuliko pembeni yake. Magamba ya soriasisi huonekana ya kijivu juu ya baka la zambarau. Ukurutu mara nyingi huja kama vipele vidogo vilivyosimama kwenye vinyweleo, na ukigusa unaparuza hata pale jicho lisipoona tofauti. Ukikosa kuandika haya unapoteza pia kipimo cha ukali. PASI inayotumika kwa soriasisi na EASI ya pumu ya ngozi zote hutoa alama kwa wekundu. Asiyeuona wekundu anaandika sifuri kwenye sehemu hiyo, jumla inashuka, na mgonjwa anayestahili dawa nzito anabaki na tyubu.

Halafu kuna alama zinazobaki. Ukurutu ukipona kwetu huacha weusi, au weupe, unaokaa miezi. Mgonjwa anarudi akisema dawa haijafanya kazi, na asipopapaswa anaandikiwa krimu ile ile ya steroidi, kali kuliko ya kwanza. Daktari mmoja wa ngozi tuliye naye huandika kila mara mojawapo ya vitu viwili: "ngozi imeinuka, inaparuza, inawasha" au "bapa, laini, haiwashi, rangi tu". Ya kwanza ni ugonjwa ulio hai. Ya pili ni weusi uliobaki baada ya uvimbe, ambao una msimbo wake, L81.0, na hauhitaji steroidi. Sijaona mstari mfupi unaookoa tyubu nyingi kama huo.

4. Kazi ya mgonjwa ni sehemu ya ugonjwa

Safu ya kazi kwenye rejista yetu ilikuwa na jibu moja: mkulima. Hata fundi seremala wa mjini, mkulima. Karani anajaza ili foleni isogee.

Akaja mzee mmoja, vidole vimepasuka mpaka damu. Faili lake lilikuwa nene. Kila mara alipewa dawa, akapona kidogo, akarudi. Nikamuuliza dirishani, kwa sababu safu ile ilinikera, "Shikamoo mzee, unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Kibarua tu."

"Kibarua cha nini, mzee?"

"Zege, mwanangu. Tunamwaga zege."

Nilirudisha faili kwa daktari na neno hilo moja limeandikwa juu. Saruji ina mambo mawili: ni kali, inaunguza ngozi ya mtu yeyote ikikaa mbichi mkononi, na ina chembe za kromiamu, ambayo watu wengine huja kupata mzio nayo, na mzio huo ukishaingia hauondoki kirahisi. Ndiyo maana ICD-10 ina misimbo mitatu kwa ukurutu wa saruji. Ukithibitika ni mzio, L23.5. Ukiwa ni wa kuunguzwa tu, L24.5. Ukijua ni saruji lakini hujajua kwa njia ipi, L25.3. Kutofautisha mbili za kwanza kunahitaji kipimo cha viraka: vitu vinavyoshukiwa vinabandikwa mgongoni saa 48, vinatolewa na kusomwa, kisha vinasomwa tena siku moja au mbili baadaye. Sisi hatuna viraka hivyo. Kwa hiyo tunaandika L25.3, na naiheshimu sana namba hiyo: inasema tunachokijua, inanyamaza kwenye tusichokijua, na bado inaitaja saruji.

Kuitaja ni jambo kubwa. Mgonjwa aliyeandikwa "mkulima, ukurutu" hawezi kwenda kwa mwajiri kuomba glovu, sembuse Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Siku hizi namsihi karani aulize kazi mara mbili: unafanya nini, na mikono yako inashika nini. Msusi na rangi za nywele, mwosha magari na sabuni, mama lishe na vitunguu.

5. Kiganja cha mgonjwa ni rula

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama asilimia moja ya ngozi yake yote. Daktari hahitaji mashine, anahesabu viganja. Hesabu hiyo ndiyo inayotetea dawa. Kumpaka mtu mzima mwili mzima mara moja kunakula gramu 20 hadi 30 za krimu, na tyubu nyingi dirishani ni za gramu 15. Kwa hiyo mtu mwenye ukurutu kwenye theluthi ya mwili, akipaka mara mbili kwa siku, anamaliza tyubu moja kila siku. Mkaguzi akiona tyubu saba na msimbo mtupu, anakata sita. Akiona "asilimia 30 ya mwili, mara mbili kwa siku, siku saba", hana pa kushika.

Ongezeni na mgonjwa anavyoishi na ugonjwa. Lipo dodoso la maswali 10, DLQI, lililotoka Cardiff mwaka 1994, lenye alama 0 hadi 30: linauliza kuhusu usumbufu wa kuwashwa, nguo anazovaa, kazi au shule, hata unyumba. Zaidi ya 10 maana yake ugonjwa umemwingilia maisha kweli kweli. Wagonjwa wetu hujibu lile la nguo kwa urefu kuliko yote.

6. Kilichoandikwa ukurutu kinaweza kuwa kitu kingine kabisa

Upele wa vidudu, B86. Uliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya WHO ya magonjwa yaliyosahauliwa, na kliniki nyingi bado zinausahau. Maswali ni mawili: unawashwa zaidi usiku? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Halafu tazama katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni. Nimeshuhudia wanafunzi wa bweni moja wakija mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, kila mmoja anaandikwa ukurutu. Kila faili peke yake halikuwa na kasoro ya kuonekana. Yalipolazwa mezani pamoja, jina la shule lilijirudia kwenye kila jalada. Fomu ya mwezi hutenganisha ngozi ya maambukizi na isiyo ya maambukizi, na watoto wale wote walikuwa upande usio wao. Ofisi ya mganga mkuu wa wilaya isingeona kitu hata ingekesha kwenye takwimu. Na tiba ya upele ni kutibu nyumba nzima, au bweni zima, siku moja; ukimtibu mmoja umemtuma akaambukizwe tena.

Fangasi iliyopakwa steroidi, hiyo ni B35.4 hata ikifanana na kitu kingine. Choa la kawaida lina duara lenye ukingo unaojulikana. Lipake krimu za mchanganyiko za dukani, ukingo unafutika, kuwashwa kunapungua, na fangasi inatembea kwa raha. Kwangua magamba, peleka maabara, andika jibu. Tena msimuulize mgonjwa "umetumia dawa gani?" Watu hawaiiti krimu dawa, na mkorogo ndio kabisa, hautajwi. Ulizeni "unapaka nini?" Majibu yanabadilika papo hapo.

La tatu ni baka lililopauka. Usoni mwa mtoto, likiwa na magamba membamba, mara nyingi ni L30.5, jambo dogo linalopita. Lakini baka lililopauka lisilo na hisia ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo, na ukoma ni A30, una rejista yake, una mpango wake wa taifa, na dawa zake ni bure. Kinachotofautisha ni kipande cha pamba kilichosokotwa na nusu dakika. Kwa hiyo mimi, ambaye si daktari, nimejipa ukorofi mmoja: faili lenye "baka jeupe" bila neno "hisia" nalirudisha. Wengine hununa. Mishipa ya fahamu ikishakufa hairudi, kununa kunapita.

7. "Mzio wa dawa" bila jina la dawa ni karatasi tupu

Kuna baka la duara, jeusi, linalotokea midomoni au sehemu za siri na kurudi palepale kila mtu anapokunywa dawa fulani. Kwetu septrini inaongoza kwa kutajwa. Msimbo ni L27.1, na pembeni yake unakwenda wa pili unaoitaja dawa: kwa jamii ya salfa, Y41.0. Msimbo wa pili ndio wenye uhai, na ndio unaoachwa. Andika jina la dawa, tarehe ilipoanza, tarehe vipele vilipotoka. Jaza fomu ya njano ya madhara ya dawa iende TMDA, mamlaka ya dawa. Kisha andika juu ya jalada kwa wino mwekundu, maana anayemwandikia dawa usiku wa manane hafungui kurasa za ndani. Salfa hiyohiyo inaweza kuleta L51.1, ngozi kutoka malengelenge na midomo na macho kuoza vidonda, na huko watu hufa.

8. Magonjwa mawili yaandikwe mawili

Pumu ya ngozi iliyoingiwa na bakteria, ikatoa usaha na gaga la rangi ya asali, ni L20 pamoja na L01.1. Ikiingiwa na virusi vya hapesi inakuwa B00.0, na hiyo ni dharura. Soriasisi iliyoshika viungo ni L40.5 na inataka mwenzake kutoka sura ya mifupa, M07. Bila mwenzake, daktari wa viungo haitwi.

Na soriasisi ikifika kwenye methotreksati, andikeni siku. "Kila Jumatatu." Dawa hii kwa ngozi ni mara moja kwa wiki, ikinywewa kila siku inaua. "1x1" kwenye faili si maelekezo, ni mtego.

9. Faili lina macho mengi

Vipele vya kuwasha miguuni na mikononi wakati mwingine ndivyo vinavyompeleka mtu kupima VVU. Fomu ya madai hupita kwa karani, mhasibu, dereva, na watu wa ofisi ambazo hatuzijui. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inailinda siri ya mgonjwa, lakini sheria haisimami dirishani. Mimi ndiye nasimama. Kwa hiyo fomu inabeba tu ugonjwa uliotibiwa siku ile. Mengine yanabaki kwenye faili, na faili linabaki kabatini.

Picha ni mtihani mwingine. Zinasaidia sana, hasa kufananisha ngozi ya mwezi uliopita na ya leo, na tabibu wa wilayani anaweza kuomba ushauri wa bingwa bila kumsafirisha mgonjwa. Lakini picha ya paja la mke wa mtu kukaa kwenye simu ya daktari, kati ya picha za kipaimara na za mechi, haikubaliki, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si suala la adabu peke yake. Omba ridhaa, andika kwamba umeomba, ficha uso, hamishia kwenye mfumo, futa.

10. Toleo jipya halitatuandikia

ICD-11 ilipitishwa 2019 na kuanza rasmi Januari 2022. Humo pumu ya ngozi ni EA80, soriasisi EA90, na unaweza kuunganisha msimbo mkuu na vidogo vinavyoeleza ukali na sehemu ya mwili. Nimekaa kwenye mafunzo yake na kusikia wenzangu wakifurahi kwamba sasa takwimu zitanyooka. Sikufurahi kiasi hicho. Kisanduku cha ukali kitajazwa na nani, ikiwa faili linasema "apake dawa"? Jambo moja nimelipenda bila masharti: waliolitunga wameziondoa herufi O na I kwenye misimbo, zisichanganywe na sifuri na moja. Kwa miandiko ninayoisoma kila siku, hilo pekee linatosha kunifanya nilisubiri.